Kupunguza Kasi ya Feni Bila Kuua Betri

Ukimwambia mtu wa Sumbawanga mjini kwamba unatengeneza feni, atakuuliza kama una homa. Kule juu Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba watu wanatembea na makoti mchana kweupe. Lakini shuka kutoka Namanyere kwenda ziwani uone. Unavua koti njiani, halafu sweta, na ukifika Wampembe kitu cha kwanza unachotafuta ni kivuli chenye upepo. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, yaani zaidi ya mita 1,000 chini ya Sumbawanga. Tulifundishwa wote kwenye jiografia kwamba joto hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Ndiyo maana mkoa huu mmoja wa Rukwa una watu wanaolala na mablanketi mawili, na wengine ambao hata shuka ni mzigo.

Mimi ni wa huku chini. Na nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za mwambao, umeme ni paneli moja juu ya bati, betri moja chini ya meza, na taa. Watu wa Wampembe wanajua betri vizuri kuliko wanachuo wengi, kwa sababu uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku na taa, na betri ikikata katikati ya ziwa hakuna dagaa. Kwa hiyo feni ya kujitengenezea si kitu cha kushangaza huku. Unachukua mota ya printa iliyokufa, unakata mapanga kwenye galoni la mafuta ya kula, unafunga kwenye kipande cha ubao, unaunga nyaya mbili, basi. Upepo upo.

Shida ni kwamba feni hiyo ina hali mbili tu: imezima, au inakimbia kama imetumwa. Mama yangu aliiangalia siku ya kwanza akauliza swali moja: "Sasa mwanangu, hiki kitu hakina polepole?"

Nimeandika makala hii kujibu swali hilo, kwa sababu nimegundua watu wengi wanalichukulia kama swali la starehe. Wanadhani polepole ni ya mtu anayesikia baridi. Kumbe polepole ni suala la betri. Kwenye nyumba yenye betri moja, feni na taa ya kusomea vinakunywa kikombe kimoja. Mdogo wangu yuko Kidato cha Nne mwaka huu. Feni ikimaliza betri, si upepo tu unaokatika, na daftari nalo linafungwa. Kuna jambo lingine pia. Joto likizidi watu hulala nje ya chandarua, na huku ziwani kulala nje ya chandarua ni kumkaribisha mbu wa malaria mezani. Upepo mdogo unaodumu hadi alfajiri ndani ya chandarua una faida kuliko upepo mkali unaokatika usiku wa manane.

Kwa hiyo maswali ni mawili. Kwanza, ukipunguza kasi unaokoa nini? Pili, unapunguzaje bila ule umeme uliouokoa kupotea njiani?

Kwa nini polepole inalipa

Panga la feni linasukuma hewa. Ukiongeza kasi mara mbili, linasukuma hewa mara mbili zaidi kwa kila sekunde, na hiyo hewa yenyewe inaondoka ikiwa na kasi mara mbili. Ukifuata hesabu hadi mwisho, nguvu inayohitajika inapanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: kasi mara mbili, nguvu mara nane. Igeuze sasa. Feni ikizunguka kwa nusu ya kasi yake, kazi ya kusukuma hewa inabaki sehemu moja ya nane, wakati upepo umepungua nusu tu.

Nisikudanganye, kwenye feni ya galoni hutapata hiyo sehemu ya nane kamili. Mota ina msuguano wake wa ndani ambao haupungui sana hata ikienda polepole. Lakini mwelekeo ni huo huo: ile kasi ya mwisho, inayopeperusha karatasi mezani, ndiyo ghali kuliko zote. Ukiiacha hiyo unapoteza upepo kidogo na unaokoa umeme mwingi.

Tuweke namba ili tuelewane. Chukua betri ya volti 12 yenye ampea 7 kwa saa, zile ndogo nzito za risasi. Volti 12 mara 7 ni wati 84 kwa saa. Betri ya risasi haipendi kukamuliwa hadi tone la mwisho. Ukizoea kuimaliza inakufa mapema. Tutumie nusu tu, yaani 42. Taa ya kusomea ya wati 3 inawashwa saa moja jioni na kuzimwa saa tano usiku. Feni inakula ampea 0.5 kwa volti 12, yaani wati 6, na inawashwa saa moja hiyo hiyo.

Kufika saa tano usiku, taa imekula 12 na feni imekula 24. Jumla 36. Zimebaki 6. Feni inazo za kutumia saa moja tu. Saa sita kamili usiku, kimya. Hapo ndipo mbu wanaanza kazi.

Sasa tuone njia za kupunguza.

Volyumu ya redio: usihangaike nayo

Mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia, "Tia volyumu ya redio hapo katikati." Inaonekana ina akili, kwa sababu ukizungusha volyumu sauti inapungua, basi na feni itapungua. Lakini ile volyumu ndani yake ina utepe mwembamba wa kaboni uliotengenezwa kupitisha umeme mdogo sana wa sauti. Nyingi hazivumilii hata nusu wati. Pia ukinzani wake mara nyingi ni maelfu ya omu, wakati feni inahitaji omu kumi na kitu tu. Matokeo yake unazungusha na feni haiendi kabisa, hadi unapofika mwisho kabisa wa utepe. Hapo feni inashtuka, umeme wote unapita kwenye kipande kidogo cha kaboni, na unasikia harufu. Volyumu tutaitumia baadaye, lakini kwa kazi yake ya kweli, ambayo ni kutoa amri. Umeme wa mota wenyewe usiupitishe humo.

Rizista: inafanya kazi, ila inatoza ushuru

Njia rahisi kuliko zote ni kuweka rizista moja kwenye waya wa feni. Tuseme kwa upepo tunaoutaka mota inahitaji volti 8, na kwa volti hizo inavuta ampea 0.3. Betri ina 12, kwa hiyo volti 4 lazima zibaki kwenye rizista. Kanuni ya Ohm: 4 gawanya kwa 0.3 ni kama omu 13. Dukani utapata ya 12 au ya 15, zote zinafaa.

Angalia sasa nani anakula nini. Betri inatoa volti 12 kwa ampea 0.3, yaani wati 3.6. Mota inapata wati 2.4. Zile 1.2 zilizobaki zinageuka joto kwenye rizista. Theluthi moja ya umeme wako inapasha moto hewa ambayo feni iko hapo kuipoza! Hata hivyo tumeshuka kutoka wati 6 hadi 3.6, na hiyo si haba. Rudi kwenye hesabu ya usiku: kufika saa tano, taa imekula 12 na feni 14.4, jumla 26.4. Zimebaki 15.6, zinazotosha saa nne na dakika ishirini. Feni inazima saa tisa na dakika 20 usiku. Umepata zaidi ya saa tatu za usingizi kwa kipande kimoja cha rizista.

Tahadhari moja. Usichukue rizista ndogo ya rangi rangi inayotoka kwenye redio, nyingi ni za robo wati. Nunua ile nyeupe ya kauri yenye umbo la tofali, ya wati 10. Utasema: kwani joto si wati 1.2 tu? Ndiyo, feni ikizunguka. Lakini pazia likinasa kwenye mapanga, mota inasimama, na mota iliyosimama inavuta umeme mwingi kuliko inayozunguka. Hapo rizista inaweza kupata wati tano au zaidi kwa muda mrefu. Ifunge mbali na ubao, mbali na pazia, na mbali na vidole vya watoto.

Kama una pangaboi kwenye ukumbi wa mihadhara au darasani, kanuni hii umeishi nayo miaka yote. Kile kisanduku kikubwa cha zamani ukutani, chenye kitasa cha kuzungusha namba, ukikigusa baada ya masaa mawili ni cha moto. Ndani mna waya uliosokotwa unaokula volti, ndugu yake na rizista yetu. Visanduku vipya vyembamba vingi vinatumia kapasita, ndiyo maana havichemki hivyo. Lakini usijaribu kuunga chochote ninachoeleza hapa kwenye pangaboi au feni ya ukutani. Hizo ni volti 230, ni umeme wa aina nyingine na mota ya aina nyingine, na huo umeme hausamehe. Makala hii ni ya betri ya volti 12 peke yake.

Dayodi kutoka kwenye balbu mbovu

Kama uko mahali ambapo duka la karibu la vifaa vya elektroniki ni safari ya siku, kuna njia ya pili inayotumia takataka. Fungua kitako cha balbu ya kubana matumizi iliyokufa. Ndani, kwenye kile kibao cha duara, mara nyingi utakuta dayodi nne nyeusi zenye mstari wa fedha, zimeandikwa 1N4007. Kila moja inavumilia ampea 1. Balbu mbili zinakupa nane. Angalia tu usivunje ule mrija wa kioo, una zebaki ndani yake. Na iache balbu ikae muda bila umeme kabla ya kuifungua, kwa sababu kapasita yake inaweza kuwa bado imeshika chaji.

Dayodi inapopitisha umeme inabakiza kwake kama volti 0.7 hadi 0.8. Zipange kwenye mstari, zote zikiangalia upande mmoja, ule mstari wa fedha ukielekea kwenye mota. Dayodi tatu zinashusha kama volti 2.3, sita zinashusha kama 4.6. Sasa tafuta vitufe vya feni ya mezani iliyoungua, vile vya 0, 1, 2, 3. Kitufe cha 3 kiunge moja kwa moja na betri. Cha 2 kipitie dayodi tatu. Cha 1 kipitie zote sita. Tayari una feni ya hatua tatu, na imeonekana kama ya dukani.

Kwa upande wa betri, dayodi ni sawa na rizista: volti inazoshusha zinageuka joto vile vile. Faida yake ni kwamba inashusha karibu kiasi kile kile hata mota inapovuta umeme mwingi wakati wa kuanza. Rizista hufanya kinyume: mota inapohitaji nguvu ya kuanza, ndipo rizista inabana zaidi. Kwa hiyo feni ya rizista wakati mwingine inabaki inatetemeka bila kuzunguka hadi uisukume kwa kidole. Hata ya dayodi, zoea kuanzia kitufe cha 3, ikishika kasi urudi kwenye 1.

Kuna wanaofanya ujanja wa kuchukua waya katikati ya betri. Mfano mtu ana seli tatu za kompyuta mpakato zilizoungwa mfululizo, anatoa waya baada ya seli mbili ili feni ipate volti pungufu. Ni kweli hakuna joto linalopotea. Lakini seli mbili zinafanya kazi na moja inapumzika, na siku ya kuchaji zote tatu zinachajiwa kwa pamoja wakati moja ilikuwa bado imejaa. Seli za lithiamu zikijazwa kupita kiasi zinaweza kuwaka moto. Ndani ya nyumba ya kulala watu hiyo njia siishauri.

Kuwasha na kuzima haraka

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda. Fikiria unaendesha baiskeli na unataka kwenda polepole. Unaweza kukanyaga pedali huku umeshika breki. Utaenda polepole, lakini utachoka na breki itachemka. Hiyo ni rizista. Au unaweza kukanyaga mara mbili tatu, ukaacha baiskeli iserereke, ukakanyaga tena. Unakwenda polepole na hujapigana na kitu chochote.

Feni nayo inaserereka. Ukikata umeme haisimami papo hapo, inaendelea kuzunguka. Sasa ukiwa na swichi inayoweza kuwasha na kuzima mara mia na zaidi kwa sekunde, mota haitasikia vipande vipande, itasikia wastani. Ikiwashwa theluthi mbili za muda, ni kama inapata volti 8. Swichi iliyofungwa haina volti juu yake, na swichi iliyofunguliwa haipitishi umeme, kwa hiyo kwa vyovyote vile haichemki sana. Mafundi wanaiita PWM.

Swichi yenyewe ni transista aina ya mosfeti, kwa mfano IRFZ44N. Anayeiamrisha ni kidude kidogo cha miguu minane kinachoitwa 555, kilichobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na hadi leo kinauzwa duniani kote kwa sababu ni rahisi na hakina makuu. Hapa ndipo volyumu ya redio inapopata kazi inayoiweza: inaambia 555 muda wa kuwasha uwe mrefu kiasi gani.

Kwa anayetaka kuunga mwenyewe, mpango ni huu. Mguu wa 8 na wa 4 nenda chanya, mguu wa 1 nenda hasi. Kutoka chanya weka rizista ya omu 1,000 hadi mguu wa 7. Kutoka mguu wa 7 toa dayodi mbili ndogo zinazoangalia pande tofauti, moja ikitoa umeme kwenda ncha moja ya volyumu ya omu 100,000, nyingine ikirudisha umeme kutoka ncha ya pili. Mguu wa kati wa volyumu uunge na miguu ya 2 na 6 kwa pamoja, na hapo hapo weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenda hasi. Mguu wa 5 weka kapasita ya nanofaradi 10 kwenda hasi. Mguu wa 3 ndio unaotoa amri: upitishe kwenye rizista ya omu 220 hadi geti la mosfeti, na kutoka getini weka omu 10,000 kwenda hasi. Mguu wa sosi wa mosfeti uende hasi, wa dreni uende kwenye waya hasi wa feni. Waya chanya wa feni uende moja kwa moja kwenye betri. Mwisho, weka dayodi moja ya 1N4007 sambamba na mota, mstari wa fedha ukielekea chanya. Hiyo usiisahau: mota inapokatiwa umeme ghafla inarudisha mshtuko wa volti kubwa, na bila dayodi hiyo mosfeti haitadumu.

Kwa vipimo hivyo, swichi inawasha na kuzima kama mara 140 kwa sekunde. Utasikia mota ikivuma kidogo, ni kawaida. Na kama kuunga kwa risasi si fani yako, kibao kilichokamilika kinapatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki. Mwambie tu unataka cha kupunguza kasi ya mota ya volti 12. Kwa njia yoyote, weka fyuzi ya ampea 1 au 2 kwenye waya chanya, karibu na betri. Betri ya risasi ikipigwa shoti inatoa umeme wa kutosha kuyeyusha waya.

Hesabu ya usiku sasa. Mota inakula 2.4, 555 na wenzake tuwape 0.2, jumla wati 2.6. Kufika saa tano usiku, taa imekula 12 na feni 10.4, jumla 22.4. Zimebaki 19.6, zinazotosha saa saba na nusu. Feni inafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni betri ile ile, na taa imesomewa saa zake nne bila kuguswa. Hizi ni hesabu za karatasi, kwa kweli utapungukiwa kidogo kwa sababu mota inayokatiwa umeme hivi inapoteza kiasi ndani ya nyaya zake. Lakini ukilinganisha saa sita usiku na alfajiri, tofauti ni kubwa mno kufutwa na hicho kidogo.

Jua mota yako kwanza

Si kila mota inakubali kila njia. Mota ya printa au ya gari la kuchezea ni ya wazi, itii chochote. Mota ya redio kaseti ni mjanja: ndani yake ina kidhibiti kinacholinda kasi isibadilike ili wimbo usipinde. Ukipunguza volti inang'ang'ania kasi yake, halafu ghafla inalegea. Nyingi zina tundu dogo nyuma. Ingiza bisibisi nyembamba uzungushe taratibu, kasi itabadilika bila kuongeza kitu chochote. Feni ndogo ya kompyuta nayo ina elektroniki ndani yake, na kuikatiakatia umeme kunaivuruga. Hiyo ipe rizista au dayodi.

Halafu pima. Mita ya fundi ukiiweka kwenye upande wa ampea, mfululizo na waya wa feni, itakupa namba yako halisi. Namba zangu za 0.5 na 0.3 ni za mfano wa kueleweka. Feni yako ina mapanga yake na uzito wake.

Hili linatuhusu nini sisi walimu watarajiwa

Wengi wetu tunaosoma elimu tutapangiwa shule ambazo maabara ni chumba chenye meza tu. Tutafundisha kanuni ya Ohm kwa Kiingereza, mwanafunzi ataandika, atakariri, atajibu mtihani, na hatajua kwamba kanuni hiyo ndiyo inayozima feni ya kwao saa sita usiku. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024 unasisitiza umahiri na elimu ya amali. Mwalimu Nyerere alishaandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Maneno tunayo ya kutosha. Kinachokosekana ni kitu cha kuweka mezani.

Na kwa Rukwa hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kudhibiti hewa. Wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu kuliko mtu, yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Kisha chuma kilisafishwa kwenye matanuri madogo, vintengwe, na hapo ndipo mivukuto ya mkono ilipotumika. Hewa ya kujiendea kwa kazi moja, hewa ya kusukumwa kwa nyingine. Mwanafunzi wa Nkasi akiambiwa hivyo anajua fizikia haikuletwa na kitabu.

Nikienda kwenye mazoezi ya kufundisha, mpango wangu wa somo uko tayari. Feni moja ya galoni, betri moja, rizista moja, mita moja. Wanafunzi wanasoma ampea kwa kasi ya mwisho, wanaandika. Wanaweka rizista, wanasoma tena. Halafu kila kundi linakokotoa betri itakata saa ngapi usiku, na wanaandika saa hiyo ubaoni kabla ya kwenda nyumbani. Mmoja anaondoka na feni. Asubuhi anakuja kutuambia ilikata saa ngapi, na tunaanza kipindi kwa kujadili kwa nini haikuwa sawasawa na tulivyoandika.